Kompyuta Iliyoshiba Ukungu

Mjomba wangu ni mtu mkubwa Dar es Salaam, na kama hulijui hilo, kaa naye kidogo atakwambia. Ndiye aliyeamua kwamba nyumba ya Bibi, iliyokaa kwenye mteremko wa njia ya kwenda Lukozi miaka yote ikiangaliwa na Mungu na majirani tu, sasa iangaliwe na kamera nne.

Chanzo kilikuwa kuteleza. Mvua ilikuwa imenyesha, Bibi akateleza kwenye karoti zake, akakaa chini palepale mpaka jirani alipopita akamwinua. Mguu ulivimba, ukakandwa, ukapona. Lakini habari ilipofika Dar ilikuwa imekua njiani kama mtoto aliyepelekwa kwa shangazi. Mjomba akapiga simu, akasema Mama hawezi tena kuishi mlimani peke yake. Peke yake, na mimi mjukuu nalala chumba cha pili. Lakini kwa Mjomba mimi sihesabiki. Mimi ni wa kutoa kopi.

Na kweli natoa kopi. Nafanya kazi kwenye steshenari mjini Lushoto, nachapa barua za watu, natoa vivuli vya vyeti, nabandika picha za pasipoti. Kidato cha nne nilimaliza, matokeo yakatoka, na tuyaache hukohuko yaliko. Kompyuta nilijifunzia dukani, kwa kuharibu na kisha kutengeneza nilichoharibu kabla tajiri hajarudi kutoka kula. Ndoto zangu ni nyingine kabisa: siku moja nataka ukumbi wangu wa kuonyesha picha, sinema zilizopigwa hapahapa milimani, watu wa Gare na Lukozi wajione ukutani wakubwa kama nyumba. Mjomba alipoisikia ndoto hiyo aliniuliza kama ukumbi huo nao utakuwa unatoa kopi.

Basi, Mjomba alitaka kumhamishia Bibi kwake. Chumba kilikuwa tayari, chenye kiyoyozi na runinga. Bibi alikataa.

"Kule mtu anatoka jasho hali amekaa," alisema. "Mimi nimezoea kulitolea jasho sababu."

Nyuma ya nyumba lipo kaburi la Babu, chini ya miparachichi. Mbele lipo shamba. Jumamosi kuna kwaya ya akina mama kanisani, na Bibi ndiye anayeshika sauti ya pili, akinyamaza yeye wengine wanaelea tu. Vitu hivi huwezi kuvipakia kwenye gari. Wakavutana kwa simu mpaka wakafika kwenye masharti: Bibi atabaki, ila Mjomba amwone kila siku.

"Siku nisipokuona, Mama, nakuja kukuchukua. Sitauliza tena."

"Sawa," Bibi akasema. "Wewe angalia."

Akaja fundi wa kamera. Alipanda kutoka bondeni na viatu vyeupe, na udongo wetu ukamsalimia mapema. Alikuwa mtu wa kusema sana na kusikiliza kwa nadra. Alifunga kamera moja getini, moja mlango wa jikoni, moja sebuleni, na moja barazani ikitazama bonde lote, kwa sababu Mjomba alisema anataka pia kuona mandhari ya nyumbani akiwa ofisini. Zote nne zikaunganishwa na kompyuta iliyowekwa kwenye kabati la vyombo, chini ya vikombe vya wageni. Bibi akaifunika kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika kila kitu asichokielewa na asichotaka kukidharau mbele ya watu.

"Mashine hii haina shida kabisa, mama," fundi alisema. "Inaona mpaka sisimizi."

"Sisimizi nawaona mwenyewe," Bibi akajibu.

Fundi akapandisha kila setingi mpaka juu, kwa agizo la Mjomba. Chochote kitakachotikisika mbele ya kamera, kompyuta ikipige picha na kuituma kwenye simu ya Mjomba papo hapo. Mjomba hakutaka kupitwa na kitu. Fundi akaniangalia nilivyokuwa nachungulia, akaniambia nisiguse, haya mambo ni ya kitaalamu. Nikamletea chai.

Masika ile mambo yalikwenda, na sababu hakuna aliyeijua wakati huo. Kwetu radi ikinguruma kuna utaratibu. Kioo kinafunikwa, aliyevaa nguo nyekundu anaivua, jembe linaondolewa mlangoni, na chochote chenye waya kinachomolewa ukutani. Huu si ushamba, milima hii ina nyumba zilizopigwa. Bibi akaiingiza kompyuta kwenye utaratibu huo. Mchana ukianza kunguruma kule upande wa msitu, yeye huyoo, anachomoa redio, anachomoa kompyuta, anakaa katikati ya sebule na mikono mapajani mpaka ipite. Ikipita, anachomeka. Na masika ya huku hunguruma karibu kila siku.

Mjomba alikuwa akipiga simu huku amekasirika.

"Mama, umezima tena?"

"Radi."

"Kuna kifaa cha kuzuia radi, nilikinunua."

"Kimewahi kukutana nayo?"

Alichofanya Mjomba ni kuja mwishoni mwa mvua na betri kubwa ya kuifanya kompyuta isizimike hata umeme ukikatika, akaviweka vyote kabatini, akatia kufuli. Akapitisha nyaya za kioo cha kompyuta na kipanya kwenye tundu alilolitoboa mwenyewe kwenye mbao za kabati hilo, la arusi ya Bibi. Ufunguo akanipa mimi.

"Huu usimpe Mama. Hata akilia."

Bibi hakulia. Alitazama tundu lile kwa muda, akasema ikipigwa sasa na ipigwe pamoja na kufuli lake, akaenda kuchuma mboga.

Mvua zikaisha, kikaja kipupwe. Asiyeijua Lushoto ya kipupwe aambiwe: unaamka unakuta bonde halipo. Ukungu umelijaza mpaka ukingo wa baraza, mweupe, mzito, na haukai. Unapanda, unaingia kwenye migomba, unatoka, unarudi kama mtu aliyesahau kitu. Jua likijitokeza kidogo unakimbia, likijificha unarudi. Hivyo siku nzima.

Ndipo kompyuta ikaanza kuganda. Asubuhi inakwenda vizuri, mchana imekufa. Nikirudi kutoka kazini nakuta kuku kwenye kioo ameinua mguu mmoja, na kuku mwenyewe zamani amekwisha kupanda kulala. Nafungua kufuli, nabonyeza kitufe mpaka izimike, naiwasha, inafufuka. Kesho yake, kuku mwingine, mguu mwingine.

Ikawa Mjomba anapata saa zake chache tu za asubuhi, na anazitumia kwa fujo. Kamera ya sebuleni ilikuwa na spika ya kuongelea. Siku moja nimechelewa kwenda kazini, tunakunywa chai, ukuta ukasema:

"Mama. Uko wapi, mbona sikuoni?"

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, chini kidogo ya pale kamera inapofika. Akaendelea kupuliza chai.

"Mama, unanisikia?"

Bibi akanywa funda moja.

"Bibi, Mjomba anaita," nikamwambia.

"Nimesikia ukuta unaongea," akasema kwa sauti ya kutosha. "Mimi nilizaa watoto wenye kusalimia."

Ukuta ukakohoa. Halafu, kwa sauti ya mtu ambaye nadhani alikuwa na wafanyakazi wenzake karibu, ukasema, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Mtu mkubwa Dar es Salaam, anasalimia kutokea ukutani kama mjusi. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, na ukuta ukasema unaniona.

Lakini kuganda kuliendelea, na kicheko kikaisha. Mjomba alinipigia dukani, nina mteja anayesubiri cheti.

"Nani anazima?"

"Hakuna anayezima, Mjomba. Inaganda yenyewe."

"Kompyuta haigandi yenyewe. Kwani ni mafuta ya ng'ombe?"

"Nakuta imeganda na betri inawaka."

"Umempa ufunguo."

"Sijampa."

"Basi ni wewe. Mnashirikiana. Mama anataka kwenda shamba nisimwone, na wewe unamsaidia. Siku akianguka tena nitakuuliza wewe."

Akampigia fundi. Fundi, bila kupanda mlima, bila kuiona mashine, akatibu: memori ni ndogo, iongezwe. Ikanunuliwa, ikapakiwa kwenye basi, nikaipokea stendi ikiwa imefungwa vizuri kama dawa. Nikaichomeka mwenyewe. Mjomba akatuma ujumbe: Sasa hakuna kisingizio. Na kweli siku ile haikuganda mchana, iliganda alasiri. Tulikuwa tumempa mlafi tumbo kubwa zaidi, naye akashukuru kwa kula zaidi. Fundi alipoambiwa alisema labda memori nyingine tena.

Hapo Mjomba akafikia uamuzi. Shule zikifungwa, watoto wake wakiwa nyumbani wa kumchangamsha Bibi yao, atakuja na gari kubwa. Masharti yalikuwa masharti, alisema. Bibi alimsikiliza kwenye simu, akasema haya, akanirudishia simu.

Hakubishana, na hilo ndilo lililonitisha. Bibi ni mtu wa kubishana na mchungaji juu ya urefu wa mahubiri. Sasa akaanza kunionyesha mambo: kuku yupi hulalia vizuri na yupi hula mayai yake, mbegu za maharage zipo chungu kipi. Kwenye kwaya akamfundisha mama mwingine sauti ya pili, akidai koo linamsumbua. Na shamba la mbele, alilokuwa amelilima na kulivunjavunja madongo mpaka likawa laini kama unga, akaliacha. Wiki ikapita, halina kitu.

"Bibi, njegere hupandi?"

"Nipande njegere za nani?"

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia huko. Halafu nikakasirika. Sikumkasirikia Mjomba peke yake. Niliikasirikia ile takataka kabatini. Kikongwe mzima ang'olewe kwenye udongo wake kwa sababu ya debe lisiloweza kukaa macho mpaka jioni?

Nikamwomba tajiri wangu ruhusa. Akauliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna bado. Akaniruhusu.

Asubuhi ile, siku yenyewe ya Mjomba kuja, nilikaa mbele ya kioo na kikombe cha chai na mihogo ya kuchemsha, nikafungua ule ukurasa unaoonyesha kila programu inakula memori kiasi gani. Dukani huwa naufungua printa ikigoma. Programu ya kamera ilikuwa juu kabisa, na tarakimu zake zilikuwa zinapanda. Kupanda si kosa, kila programu hupanda ikifanya kazi na kushuka ikipumzika. Hii ilipanda, ikasimama, ikapanda. Kushuka hapana.

Bibi akaja kusimama nyuma yangu. "Inasemaje?"

Nikatafuta namna ya kumweleza. "Bibi, ukipata wageni unawapa vikombe. Wakimaliza?"

"Nakusanya, naosha, narudisha."

"Huyu hakusanyi. Kila mgeni anampa kikombe kipya, kile cha zamani anakiacha mezani. Vikombe vikiisha kabatini, anasimama katikati ya nyumba hajui la kufanya."

"Amelelewa na nani?" Bibi akauliza.

Na hilo ndilo lilikuwa swali langu pia, ila kwa upande wa wageni: ni akina nani hao wanaokuja wengi hivyo, kwenye nyumba isiyopata watu kutwa nzima? Nikasema ni kuku. Nikawafukuza wote nikawafungia bandani, wakalalamika. Tarakimu zikapanda. Nikasema ni nguo kwenye kamba, nikaanua nguo zingali mbichi. Zikapanda. Nikasema ni majani ya mgomba ule wa karibu na geti, nikachukua panga, na hapo Bibi akanizuia.

"Mgomba una mkungu. Utaua mgomba kwa ajili ya mashine?"

Nikaweka panga chini. Nikawaza kwa akili badala ya panga: nizifunike kamera moja moja. Ya geti nikaivika soksi. Tarakimu zikapanda. Ya jikoni nikaifunika bakuli. Zikapanda. Ya sebuleni tukaitundikia kanga, na Bibi akasema angalau sasa anaweza kukaa vizuri. Zikapanda tu. Nikatoka barazani, nikaifunga ile ya bonde kwa kilemba cha Bibi, nikarudi ndani.

Tarakimu zilikuwa zimesimama.

Nikangoja chai ipoe. Zimesimama. Nikatoka, nikafungua kilemba, nikarudi mbio. Zinapanda. Nikafunga, zikasimama. Nikafungua, nikabaki nimesimama barazani nikiangalia kile inachokiangalia kamera, nitafute huyo mgeni. Hakuwepo mtu. Hakuwepo hata ndege. Lilikuwepo bonde, na ndani ya bonde ukungu unapanda kwenye migomba, unatoka, unarudi.

Nikakaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu kama mwehu. Mashine iliyoletwa na mtaalamu, iliyopandishwa setingi mpaka juu, inayoona mpaka sisimizi, ilikuwa inakaribisha ukungu wa Usambara ndani kwa kikombe. Kila ukitikisika, picha. Kila picha, tayari kutumwa Dar. Na ikishatumwa, kikombe kinabaki mezani. Fundi alikuwa ametoka mahali ambapo kitu kikitembea mbele ya nyumba ni mtu au mbwa. Hakumuuliza yeyote hapa kitu gani hutembea mbele ya nyumba zetu.

Bibi akauliza kwa nini basi masika haikuganda, mbona ukungu wa masika nao upo. Nikafikiri. Halafu nikamtazama yeye.

"Kwa sababu ulikuwa unaichomoa. Ukiichomoa na kuichomeka, vikombe vyote vinarudi kabatini."

"Mimi sikujua habari za vikombe," akasema. "Nilikuwa naogopa radi."

Nikampigia Mjomba. Alikuwa barabarani tayari, amekwisha kupita Korogwe, nasikia upepo wa dirisha.

"Ukungu," alisema. "Ukungu unajaza kompyuta."

"Ndiyo, Mjomba."

"Nikawaambie hivyo ofisini? Kwamba mama yangu haonekani kwa sababu kompyuta imekunywa ukungu?"

"Si kunywa, Mjomba, ni ile programu, kila picha inayotumwa..."

"Mwambie Mama afungashe nguo za joto na za baridi."

Alifika mchana. Gari kubwa kweli, viti vya nyuma amevilaza vyote ili mizigo ienee, na godoro jembamba ametandika Bibi ajinyooshe njiani. Godoro lile liliniuma. Ningependa awe mtu mbaya tu, ingekuwa rahisi zaidi kumdharau. Akamwamkia mama yake ana kwa ana, akainama vizuri, akakaribishwa ugali wa bada na maharage. Alikula kama mtu ambaye hajala tangu aondoke kwao. Bibi alikuwa na begi moja tu limesimama karibu na mlango. Alikuwa amefungasha.

"Mjomba," nikasema, "kaa mbele ya hiki kioo kwa muda wa chai tu."

"Mwanangu, nina giza la kuogopa kule kwenye kona za Soni."

"Kaa," Bibi akasema. "Chai bado ya moto."

Akakaa, mikono ameikunja kifuani. Nje ukungu ukatusaidia, ukapanda wenyewe bila kuitwa. Nikamwonyesha tarakimu, nikamwonyesha bonde kwenye kioo. Tarakimu zikapanda. Jua likachungulia, zikasimama. Ukungu ukarudi, zikapanda.

"Bahati tu," alisema.

"Kila moja inatumwa kwako. Toa simu."

"Simu yangu haijalia."

"Toa tu, Mjomba."

Akaitoa. Kwenye ile programu ya kamera kulikuwa na alama nyekundu, na idadi ya picha zisizofunguliwa, tarakimu zake zimekosa nafasi zikaishia kwa nukta nukta. Simu haikulia kwa sababu alikuwa ameuzima mlio wa kamera.

"Zilikuwa zinanisumbua kwenye vikao," alisema, si kwangu hasa. "Kila dakika, mtikisiko, mtikisiko. Nikafungua mbili tatu mwanzoni, ni nyeupe tu. Nikaziacha."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyaandaa tangu siku ile ya tundu kwenye kabati, yamepangwa, yana pilipili. Mashine imejinyonga kumpelekea barua mtu aliyeziba masikio, na kwa hilo tumeitwa waongo mimi na Bibi. Lakini yeye alikuwa ameanza kuteremsha zile picha kwa kidole, na sikuyasema. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe na kona ya mgomba. Nyeupe. Kisha Bibi.

Amesimama barazani, karibu kabisa na kamera, amevaa kilemba, uso umeielekea. Mjomba akateremsha. Nyeupe nyingi, kisha Bibi tena, asubuhi nyingine, sweta jingine. Akateremsha. Bibi na nguo za kanisani, ameshika kitabu cha nyimbo. Bibi na kapu la karoti ameliinua kidogo lionekane.

"Mama, hapa ulikuwa unafanya nini?"

Bibi alikuwa anamimina chai. "Si ulisema unione kila siku? Fundi alisema hiyo ya barazani ndiyo inaona vizuri. Nikisha kusali nakwenda kusimama pale. Nakuamkia, nakaa kidogo, halafu naenda shamba."

Sikulijua hilo. Mimi huondoka na pikipiki ya kwanza kwenda mjini, Bibi namwacha kwenye maombi.

"Kila siku?"

"Tulikubaliana," Bibi akasema, akamsogezea kikombe.

Mjomba hakukigusa. Aliendelea kuteremsha, na sasa alikuwa anazitafuta, anazipita nyeupe haraka, anasimama kwenye zenye mtu. Nje gari lilikuwa wazi mlango wa nyuma, na kuku mmoja, kati ya wale niliowafungulia, alikuwa amepanda kwenye godoro.

Hatimaye akasema, bila kuinua macho, "Nifanyeje na hii mashine?"

Nikamweleza. Kuitibu kabisa siwezi, ugonjwa umo ndani ya programu yenyewe, nimewaandikia walioitengeneza na hawajajibu, na sitarajii. Lakini naweza kuizuia isimpigie picha kila kinachotikisika, irekodi tu kimyakimya, na nikaipangia ijizime na kujiwasha yenyewe kila alfajiri. Ila hatapata tena taarifa. Akitaka kumwona Bibi itabidi afungue simu mwenyewe, atazame.

"Ya geti uiache iendelee kutuma," alisema. "Moja tu."

Nikamwachia ya geti. Mtu mkubwa hawezi kuondoka mikono mitupu.

Halafu akamgeukia Bibi, akalitazama begi, akashindwa kuanza. Bibi akamsaidia.

"Kama unataka kujua nimeamka, piga simu. Mimi ninayo simu. Nikiamka naiwasha."

"Nitakuwa napiga asubuhi."

"Na usalimie."

"Nitasalimia, Mama."

"Haya. Kunywa chai, kisha ukang'oe kabichi, nyuma huko zimekomaa. Hilo gari umelitandika vizuri, haliwezi kurudi tupu."

Tulizing'oa sote watatu, Mjomba na viatu vyake vya ofisini, anakata mizizi kwa kisu cha jikoni kama alivyokuwa akifanya utotoni, nadhani, kwa sababu hakuuliza inakatwaje. Kabichi zikapangwa juu ya godoro. Akazifunga na mkanda wa kiti, akateremka taratibu kuelekea Soni, taa zimewashwa, na kabla hajafika kona ya kwanza ukungu ulikuwa umekwisha kummeza. Bibi alibaki getini akisikiliza injini mpaka ikapotea, kisha akaingia ndani, akalifungua begi na kuanza kuzirudisha nguo zake kabatini, moja moja, za joto na za baridi.